Wa na ga zimenichanganya: je, niimarishe Kiingereza kwanza ndipo nijue Kijapani?

“Mwalimu, shikamoo. Nauza vipuri vya magari Gerezani, Dar es Salaam, na tangu mwaka jana najifunza Kijapani jioni kwenye kundi la mtandaoni. Tumo wanafunzi wa nchi mbalimbali na Wajapani wachache wanaotusaidia. Herufi za hiragana na katakana nasoma, maneno ya N5, ngazi ya kuanzia ya mtihani wa Kijapani, ninayo mengi kichwani. Tatizo ni sarufi, hasa vile vijineno wa na ga vinavyofuata jina, na maongezi. Nikiandika wa, mmoja ananirekebisha niweke ga. Kesho yake mwingine, naye Mjapani, ananiambia wa ilikuwa sawa. Nikiuliza sababu naambiwa utazoea tu. Tukiongea kwa sauti naganda. Juzi nilimwuliza dada mmoja wa Osaka habari za shangazi yake, akanijibu habari za bibi yake. Vitabu vyote tunavyotumia ni vya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuungaunga, kwa hiyo wenzangu wananishauri nikiimarishe kwanza. Nataka kufanya mtihani wa N5 Desemba, na rafiki yangu anasema nikiupata naweza kwenda Japani kwa kazi ya ufundi magari. Je, niache kundi nitafute mwalimu?”

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na hilo la Kiingereza, kwa sababu ndilo linaloweza kukupotezea miaka. Kama unakihitaji Kiingereza kwa biashara yako, jifunze. Usijifunze kwa ajili ya Kijapani. Mambo mengi yanayowatesa wanaoanza Kijapani, Kiswahili chako kinayafanya tayari, tena kwa namna iliyo karibu zaidi kuliko Kiingereza. Vitabu mnavyotumia viliandikiwa watu wanaofikiri kwa Kiingereza, na maelezo yake yamepangwa kuzunguka ugumu wa watu hao. Ukivifuata neno kwa neno unabebeshwa mzigo usio wako.

Tuchukue wa na ga. Wale Wajapani wawili hawakupingana. “Watashi wa ikimasu” ni sahihi, na “Watashi ga ikimasu” ni sahihi pia. Tajiri wako anauliza dukani nani ataenda bandarini kutoa mzigo. Unajibu, “Nitakwenda mimi.” Hiyo ni “Watashi ga ikimasu.” Siku nyingine mnapanga safari ya Jumapili, nawe unasema, “Mimi nitakwenda, wengine sijui.” Hiyo ni “Watashi wa ikimasu.” Katika Kiswahili umehamisha neno “mimi” kutoka mbele kwenda nyuma ya kitenzi. Katika Kijapani neno limekaa palepale, kikabadilika kile kijineno kinacholifuata. Aliyekurekebisha hakujua ulikuwa unajibu swali gani, akakisia mazingira yake. Mwenzake akakisia mengine.

Au chukua kujitambulisha. “Watashi wa Tanaka desu” ni “Mimi ni Tanaka.” Kama kuna mtu ameingia anauliza Tanaka ni yupi kati yenu, jibu ni “Watashi ga Tanaka desu,” yaani “Mimi ndiye Tanaka.” Hakuna mtoto wa Kiswahili anayechanganya “ni” na “ndiye”, na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Hapo pia unaona kwa nini swali la kuuliza mtenda halichukui wa: “Dare ga kimashita ka”, nani amekuja? Jibu nalo linabaki na ga: “Tanaka-san ga kimashita.” Hiyo “-san” ni ya heshima, kama “Bwana” au “Bibi”. (Angalia tu usijikwae: “nani” ya Kijapani ni “nini” yetu, “nani” yetu kwao ni “dare”.)

Kazi ya ga, basi, ni kuleta mezani kitu kipya au kukinyooshea kidole. Kazi ya wa ni kushika kitu ambacho tayari mnakijua wote wawili, ili useme habari zake. Sikiliza hadithi ya Momotaro, ambayo watoto wa Japani huisikia wakiwa wadogo, inavyoanza: “Mukashi mukashi, aru tokoro ni, ojiisan to obaasan ga imashita.” Hapo zamani za kale, mahali fulani, palikuwa na mzee na bibi. Ndiyo kwanza wanaingia, kwa hiyo ga. Kisha: “Ojiisan wa yama e…” Yule mzee alikwenda mlimani kukata kuni. “Obaasan wa kawa e…” Yule bibi alikwenda mtoni kufua. Palipo “palikuwa na” pana ga. Ukishaweza kusema “yule”, wa imeingia.

Mahali ambapo wanafunzi wengi hutoa jasho ni sentensi yenye vyote viwili, kama ile mashuhuri ya tembo: “Zou wa hana ga nagai.” Anayepitia Kiingereza hujiuliza ni kipi kiima, tembo au pua. Wewe sema tu: “Tembo, mkonga wake ni mrefu.” Umeshaielewa. Vilevile “Sakana wa tabemasu ga, niku wa tabemasen” ni “Samaki nakula, lakini nyama sili.” Umetanguliza samaki na nyama ili kuzilinganisha, nao wanafanya hivyohivyo kwa wa. Ile ga ya katikati ni nyingine kabisa, maana yake “lakini”. Na ukiona “Nihongo ga wakarimasu” au “Kuruma ga suki desu”, usitafute mtendwa. Fikiri “Kijapani kinanielea” na “Magari yananipendeza”; kinachokuelea na kinachokupendeza ndicho chenye ga.

Mlinganisho huu hautakubeba mpaka mwisho wa safari. Utakubeba muda mrefu lakini, hata ndani ya sentensi ndefu: “tomodachi ga katta kuruma” ni “gari alilonunua rafiki yangu”, na hapo pia Kiswahili kimempeleka rafiki nyuma ya kitenzi.

Sasa nikupe sentensi ambayo, kwa kazi yako, naamini umeisikia mara nyingi kuliko unavyodhani. Gari likitoka Japani na kile kifaa cha kulipia barabara kikiwa bado kimefungwa ndani, ukiwasha tu swichi sauti ya mwanamke inasema: “ETC kaado ga sounyuu sarete imasen.” Watu wengi huku wanaendesha na sauti hiyo miaka bila kujua inasema nini. Inasema, “Haijaingizwa kadi ya ETC.” Igawe. “Kaado” ni kadi. “Ga”, kwa sababu gari linakupa habari mpya. Hakuna aliyekuwa akizungumzia kadi. “Sounyuu” ni uingizaji. “Sarete” inafanya kazi ya ile -w- ya “ingizwa”. Na “imasen” iliyoshikana na -te inakupa “haija-”. Sentensi moja ya kwenye dashibodi imebeba nusu ya sarufi inayokusumbua.

Hiyo -te imasu na -te imasen ndiyo sehemu ya pili ambapo Kiingereza kinapotosha. Vitabu hufundisha kwamba -te imasu ni jambo linaloendelea. Kwa “tabete imasu” ni kweli: anakula. Lakini “Kekkon shite imasu” haimaanishi kwamba mtu yuko kwenye harusi saa hii. Maana yake ameoa, au ameolewa. “Suwatte imasu”, ameketi. “Megane o kakete imasu”, amevaa miwani. “Taiya ga panku shite imasu”, tairi limepata pancha. Unaona? Ni -me- yetu, ile inayosema jambo limetokea na hali yake ipo mpaka sasa. Kitenzi cha kazi inayochukua muda, kama kula, kusoma au kukimbia, kwa kawaida kitakupa -na-. Kitenzi cha badiliko linalotokea mara moja, kama kukaa, kuvaa, kuoa au kufa, kitakupa -me-.

Na kinyume chake ni -ja-. Mtu akikuuliza “Mou tabemashita ka”, yaani umeshakula, usijibu “tabemasen deshita”. Hiyo ni “sikula”, kama vile mlo umepita na hukuuwahi. Jibu “Mada tabete imasen”, sijala bado. Wanafunzi wanaopitia Kiingereza hukosea hapa hata baada ya miaka. Wewe tofauti ya “sikula” na “sijala” uliipata kabla hujaanza shule.

Sipendi kukudanganya kwamba kila kitu kitateleza hivi. Mpangilio wa maneno wa Kijapani ni kinyume cha wetu, na nadhani hapo ndipo kuganda kwako kunapotoka. Sisi tunasema gari la Tanaka, wao “Tanaka-san no kuruma”. Sisi gari nililonunua jana, wao “kinou katta kuruma”, jana-nililonunua gari. Na kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, na mwisho wa kitenzi ndipo penye wakati na ukanushi. Kiswahili kinafanya kinyume: “sikumwona” inakwambia tangu silabi ya kwanza kwamba ni mimi na kwamba ni hapana. Kwa hiyo ukitaka kusema Kijapani, mdomo unataka kuanza na kitenzi, unazuiwa, na akili inabaki imebeba sentensi nzima hewani. Si woga, wala si kichwa kizito.

Dawa yake ni kujifunza sentensi kutoka mkiani. Chukua ile ya gari. Sema “imasen”. Kisha “sarete imasen”. Kisha “sounyuu sarete imasen”. Halafu “kaado ga sounyuu sarete imasen”. Kila unapoongeza kipande mbele, mwisho unazidi kuwa mwepesi, na unafika ukiwa na kasi badala ya kuishiwa pumzi. Fanya hivyo kwa sentensi chache kila siku, kwa sauti, dukani wakati hakuna mteja. Orodha ya maneno iliyoko kichwani haikusaidii kuongea, kwa sababu umejizoesha kuyatambua ukiyaona; hujajizoesha kuyatoa.

Kuhusu yule dada wa Osaka: uliuliza “obasan”, shangazi, yeye akasikia “obaasan”, bibi. Kosa hilo limetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. Sisi tunatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo, kwa hiyo “obasan” kinywani mwetu inatoka “obáasan”. Kwa Mjapani, kuvuta huko ni neno jingine. Lakini sikio lako linaijua tofauti hii: “kata” na “kataa”, “kufa” na “kufaa”. Hesabu mapigo, kila pigo sawa na jingine, bila mkazo: o-ba-sa-n, manne, o-ba-a-sa-n, matano. Ile n ya mwisho inahesabiwa pigo lake, kama n ya “nta” au “nchi”. Tokyo kwao ina mapigo manne, to-o-kyo-o. Na konsonanti iliyorudiwa ni pigo la kimya: “shite imasu” ni nafanya, “shitte imasu” ni najua, na kati ya shi na te kuna kusimama kwa muda wa pigo moja. Kwa anayeanza, haya ni muhimu kuliko kanji ishirini, zile herufi zenye asili ya Kichina. Mengine ya matamshi umeyapata bure: irabu zao ni zilezile tano, a, i, u, e, o, ila u yao midomo haichongoki kama yetu.

Umesema pia unaganda mnapoongea kwa sauti. Sehemu yake ni ile ya mpangilio wa maneno, lakini kuna nyingine ambayo huenda huioni. Tumelelewa kwamba mtu mzima akizungumza, unanyamaza umsikilize. Mjapani kwenye simu akikosa kusikia “hai”, “ee” au “sou desu ka” kila baada ya kipande, anadhani laini imekatika, atakuuliza “Moshi moshi?”, yaani haloo, na wewe utazidi kubabaika. Toa sauti hizo. Hazimaanishi umekubali, zinamaanisha upo. Sentensi yako ikikukwama, “etto…” inakununulia muda.

Adabu nayo ina mtego. Kwa kuwa tunajua shikamoo, tunadhani miishio ya heshima, “desu” na “-masu”, ni ya wakubwa tu, na wadogo wanapewa maumbo mafupi ya kwenye katuni za anime. Sivyo. Maumbo hayo yanafuata pia ukaribu: mtu usiyemzoea, hata akiwa mdogo kwako, mpe “-masu”. Acha “omae” (wewe) na “ore” (mimi) za katuni, na “anata”, ambayo nayo ni “wewe”, usiitumie ovyo. Mtu mwite kwa jina lake na “-san”, wewe mwenyewe usijipe “-san”. Na punguza “watashi wa”. Kama usivyosema “mimi” mbele ya kila “nina-”, wao nao huliacha neno hilo likishaeleweka.

Kundi, basi, uliache? Hapana. Kinachokosekana kundini si watu wazuri, ni namna ya kuwatumia. Mzungumzaji mzawa anasikia kosa papo hapo, lakini kueleza sababu ni kazi nyingine aliyosomea mwalimu. Jiulize wewe mwenyewe kama unaweza kumweleza mgeni kwa nini tunasema “vikombe viwili” lakini “kalamu mbili”. Wengi tutaishia kumwambia atazoea. Kwa hiyo usiulize tena ipi ni sahihi. Uliza “Dou chigaimasu ka”, zinatofautianaje, na umwombe akupe hali moja ambapo angesema hivi na nyingine ambapo angesema vile. Mara nyingi atakupa mfano mzuri hata kama kanuni haijui. Wanafunzi wenzako wakikurekebisha, sikiliza kwa heshima, lakini usiandike kwenye daftari mpaka umehakikisha. Makosa ya wanaoanza huambukizana haraka, hasa ya matamshi.

Kundi haliwezi kuwa uti wa mgongo wa masomo yako. Kwa hilo unahitaji kozi moja yenye mpangilio, na usiruke kwenda nyingine kila mwezi. Idhaa ya NHK World-Japan ina masomo mafupi ya Kijapani yaliyoelezwa kwa Kiswahili, yenye sauti; anzia hapo. Japan Foundation, taasisi ya Japani inayoeneza lugha na utamaduni wake, nayo ina kozi ya Irodori unayoweza kuipakua bure, iliyojengwa juu ya maongezi ya maisha na kazi. Kila somo lichukue ulipeleke kundini jioni hiyohiyo. Rekodi ujumbe wa sauti wa dakika moja kuhusu jambo moja, mathalani mteja wa leo, omba kurekebishwa vitu viwili tu, kisha kesho rudia jambo lilelile bila kusoma mahali. Marudio hayo ndiyo yanayogeuza sarufi kuwa maongezi.

Mwalimu wa ana kwa ana mtafute ikiwa, baada ya miezi kadhaa ya kuhesabu mapigo na kujirekodi, bado husikii tofauti ya “obasan” na “obaasan” katika sauti yako mwenyewe. Sikio la mtu aliyekaa mbele yako hulitatua hilo haraka kuliko ujumbe wa simu. Mtafute pia ukigundua makosa yaleyale yanarudi ingawa umeelezwa mara nyingi. Huhitaji kumlipa kila siku. Vipindi vichache vyenye orodha yako ya makosa mkononi vinatosha. Akiwa Mtanzania au Mkenya aliyejifunza lugha hii ukubwani, usimdharau kwa kuwa si Mjapani. Yeye ndiye anayejua mahali ambapo Kiswahili kinasaidia na mahali kinapoponza.

Mwisho ni mtihani na kazi, na hapa nakuomba uwe makini sana. N5 ndiyo ngazi ya chini kabisa kati ya tano za JLPT, mtihani wa umahiri wa Kijapani; ya juu kabisa ni N1. Jumla ni alama 180, kufaulu ni 80, lakini sharti upate angalau 38 kati ya 120 za maneno, sarufi na kusoma, na 19 kati ya 60 za kusikiliza. Hakuna sehemu ya kuongea hata kidogo, kwa hiyo unaweza kufaulu ukiwa bado unaganda. Hufanyika Julai na Desemba, si kila mji una kituo, na usajili hufungwa miezi kabla. Uliza mapema ubalozi wa Japani hapo Dar es Salaam kituo cha karibu ni kipi. Nairobi imekuwa ikiufanya.

Rafiki yako amekosea kuhusu kazi. Viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu iliyoanzishwa Aprili 2019 inajumuisha kweli ufundi wa magari, lakini kiwango cha lugha ni N4 au JFT-Basic, mtihani mwingine wa Kijapani cha msingi, pamoja na mtihani wa ujuzi wa kazi yenyewe. Ukitaka kusoma ufundi huo katika chuo cha huko, kwa kawaida wanadai kiwango cha N2. Kwa hiyo mtu yeyote atakayekuambia ulete fedha kwa sababu N5 inatosha kupata kazi, usimpe hata shilingi kabla hujafika ubalozini mwenyewe ukauliza. Nenda na maswali yako yameandikwa kwenye karatasi, na uwaulize pia kuhusu ufadhili wa serikali ya Japani unaojulikana kama MEXT, masharti yake ya umri na elimu, maana kwa wanaokwenda kusoma una kipindi cha kufundishwa lugha kabla ya masomo yenyewe.